Mbwa wa Kazi Zote: Tunachopata na Tunachopoteza Tukichanganya Damu ya Lacha

(Maneno niliyoyasema mbele ya jamaa wa Kiswahili tunaoishi mashariki mwa Uingereza. Nimeyaandika kwa ajili ya waliokosa kufika.)

Wakubwa zangu, shikamooni. Wadogo zangu, hamjambo. Nawashukuru mliotoka Wisbech, Boston na King's Lynn usiku wa baridi kama huu, na najua wengine mmetoka zamu moja kwa moja, hata chai hamjanywa.

Nimesimama hapa kwa sababu ya swali. Tangu mwaka jana vijana wanne wamenijia, kila mmoja kwa siku yake, na wote wameuliza neno lilelile: nikimpandisha greihaundi wangu, mbwa wa mbio, kwa koli wa jirani, mbwa wa kuchunga kondoo, nitapata mbwa wa kuwinda kila kitu? Mmoja alikuwa ameshaahidiwa dume. Mwingine alikuwa ameshazihesabu fedha za vilebu kabla jike hajaingia joto. Sikutaka kuwajibu mlangoni.

Mimi ni mtoto wa Makunduchi na baba yangu alikuwa msasi. Kwetu kusini Unguja wasasi hutoka na mbwa na mikuki kuwafuata nguruwe mwitu wanaofukua mihogo. Nyama yenyewe hatuli. Tunachookoa ni shamba. Mbwa wa baba walikuwa wale wa kwetu, manyoya mafupi, masikio yamesimama. Hakuna aliyechagua nani azae na nani. Aliyerudi mzima kutoka kwa nguruwe ndiye aliyezaa. Nilikuja huku nikidhani mbwa wote wa kuwinda hupatikana hivyo. Sasa ni mwaka wa 22 napunguza sungura kwenye mashamba ya nafaka na mboga ya Lincolnshire na Norfolk, kwa fereti (kinyama chembamba kama nguchiro, kinachoingizwa mashimoni kuwatoa sungura), nyavu na mbwa, na mbwa wangu wote wamekuwa lacha.

Lacha si kabila la mbwa. Ukienda kwenye maonyesho ya mbwa wenye vyeti hutakuta kipimo cha lacha, kwamba awe na urefu huu na rangi ile. Lacha ni chotara: upande mmoja ni mbwa wa mbio anayewinda kwa macho, kama greihaundi, wipeti au saluki, upande wa pili ni mbwa wa kazi nyingine, mara nyingi koli wa kuchunga kondoo au teria, mbwa mdogo wa kuua panya na kuingia vichakani. Ukichanganya wa mbio na wa mbio mwenzake, watu wa huku humwita longidogi, na huyo ni habari nyingine. Lacha lazima awe na kitu ndani yake kisichokuwa mbio.

Na kitu hicho kiliingizwa kwa sababu. Mwaka 1671 bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya wanyama wa kuwindwa. Mtu asiyekuwa na ardhi ya kumwingizia pauni 100 kwa mwaka, na wakati ule hiyo ilikuwa fedha ya matajiri, hakuruhusiwa kuwa na bunduki, upinde, greihaundi, fereti, nyavu wala mitego. Katika orodha hiyo lacha ametajwa kwa jina lake. Maana yake tayari alikuwa mbwa wa kuogopwa, mbwa wa mtu maskini anayetafuta kitoweo katika ardhi ya bwana. Masharti ya mali yaliondolewa mwaka 1831, na mwaka 1880 mkulima aliyepanga ardhi akapewa haki ya kuua sungura na kitungule wanaokula mazao yake mwenyewe. Hesabuni miaka hiyo. Kwa zaidi ya miaka 150 mwenye lacha alitoka usiku, peke yake, na nafasi moja tu. Mbwa akibweka, mwenye mbwa amefungwa. Mbwa akikimbia mbali asirudi, mwenye mbwa amefungwa. Mbwa akimshika sungura akamla hukohuko, watoto wanalala njaa. Kwa hiyo walimtafuta mbwa mnyamavu, anayerudi akiitwa kwa mluzi mdogo, anayekamata kwa mara ya kwanza na kuleta mkononi. Mbio alikuwa nazo za kutosha. Za kutosha tu.

Nataka mlishike neno hilo, "za kutosha", maana karibu makosa yote ninayoyaona katika kuzalisha lacha leo yanatokana na mtu kutaka mbio zaidi ya zinazotosha.

Kabla sijaendelea, jambo la lugha. Wengi wetu tunasema "sungura" kwa wanyama wawili. Usiku huu nitamwita sungura yule anayechimba mashimo na kuishi kwa ukoo, na nitamwita kitungule yule mkubwa wa masikio marefu anayelala juu ya ardhi peke yake. Ninawatenganisha kwa sababu sheria inawatenganisha, na mtu anaweza kufungwa kwa kutojua tofauti. Tangu tarehe 18 Februari 2005, katika Uingereza na Wales ni kosa kuwinda wanyama wa porini kwa mbwa, isipokuwa kwa mambo machache yaliyotajwa ndani ya sheria yenyewe. Sungura na panya wanaruhusiwa, ikiwa shamba ni lako au mwenye shamba amekupa idhini. Kumkimbiza kitungule ni marufuku. Mashindano makubwa ya greihaundi na kitungule, Waterloo Cup, yaliyoanza mwaka 1836 kule Great Altcar, Lancashire, yalifanyika mara ya mwisho mwezi huohuo wa Februari 2005. Na tangu mwaka 2022 adhabu imepanda: mahakama inaweza kukutoza faini isiyo na kikomo, kukufunga hadi miezi sita, kukuzuia usimiliki mbwa, na kukulipisha gharama za kumtunza mbwa uliyenyang'anywa. Uskoti wana sheria zao, msidhani ni zilezile.

Nimeyasema haya mapema kwa sababu kazi ndiyo inayochagua damu. Mbwa wa kazi zote huku leo ni mbwa wa sungura: wa kusimama na fereti mchana, wa kutembea na kurunzi usiku, wa kunusa vichakani, wa kuokota kilichopigwa bunduki, na wa kuua panya kwenye mabanda. Basi tumjenge huyo.

Tuanze na greihaundi. Mnyama mzuri, nampenda. Anakaribia kilomita 70 kwa saa, na katika viwanja vya mashindano huku anazimaliza mita 480 chini ya sekunde 30. Ana moyo mkubwa kwa mwili wake na damu nzito yenye chembe nyekundu nyingi kuliko mbwa wengine. Lakini baada ya hizo sekunde 30, kazi imekwisha. Ngozi yake ni nyembamba, ukimpitisha kwenye ua wenye seng'enge unarudi naye amechanika kama kanzu kuukuu. Shamba la sungura ni dogo, lina mitaro, lina magogo, na sungura hakimbii mita 480. Anakimbia mita 40 kisha anaingia shimoni. Mbwa anayehitaji mita 30 kufikia kasi yake amechelewa. Tena greihaundi hufukuza anachokiona. Kikipotea machoni, kwake kimekufa.

Koli wa mpakani, yule wa mpaka wa Uingereza na Uskoti, ni kinyume chake. Anafikiri. Anakutazama usoni kabla hujasema. Ana pua, ana miguu migumu, ana manyoya ya kustahimili mvua, anaweza kutembea kutwa. Lakini koli ametengenezwa kwa vizazi vingi asimuume kondoo. Anamzunguka, anamkazia macho, anangoja. Damu hiyo ikizidi kwenye lacha, unapata mbwa anayemfikia sungura, anapunguza mwendo na kumchunga. Nimeliona kwa macho yangu: mbwa mzuri kabisa, amelala chini mita mbili kutoka kwa sungura aliyeganda kwenye mwanga wa kurunzi, wote wawili wanaangaliana, na mimi nimeshika pumzi.

Kila tone la koli unalotia linapunguza mbio, na kila tone la greihaundi linapunguza masikio ya kusikia. Hakuna mchanganyiko usio na hasara. Anayewaambia ana mbwa mwenye mbio za greihaundi na akili ya koli anawauzia mbwa, hawafundishi.

Sasa nakuja kwenye kiini cha swali la vijana. Ukimpandisha greihaundi safi kwa koli safi, watoto wa tumbo hilo, kizazi cha kwanza, watafanana sana. Si bahati hiyo. Kila mtoto amechukua fungu moja zima kutoka kwa mama greihaundi na fungu moja zima kutoka kwa baba koli. Nusu kwa nusu, wote. Mara nyingi pia huwa na afya nzuri na nguvu kuliko wazazi wao. Unatazama vilebu wanane na unasema, nimepata, hii ndiyo mbegu yangu. Ndipo kosa linapoanza, maana unachukua dume wa hivyo na jike wa hivyo, unawapandisha, ukitegemea kupata walewale.

Wenye wazee wanaolima mahindi mnajua hili tayari. Mahindi chotara ukiyanunua dukani, mwaka wa kwanza shamba lote limesimama sawa, mabua urefu mmoja, magunzi yamejaa. Ukiweka mbegu ya mavuno yako ukapanda tena mwaka wa pili, kuna bua refu, kuna fupi, kuna gunzi lenye punje kumi. Mbwa ni vivyo hivyo. Chotara akizaa na chotara, yale mafungu mawili yanachangwa upya kama karata, na kila kilebu anapewa mkono wake.

Mimi nilifanya hivyo. Ilikuwa mwaka wangu wa tisa huku, nilikuwa na jike nusu koli nusu greihaundi, mbwa bora, na nikamtafuta dume wa mchanganyiko huohuo mwenye sifa kila shamba. Siku 63 baadaye wakazaliwa vilebu tisa. Walipofika miezi kumi nilikuwa kama nimewaokota katika mitaa tisa tofauti. Wawili walikuwa koli kabisa, wazito, wanachunga kuku. Mmoja alikuwa greihaundi mtupu, mwembamba, hasikii jina lake akiona kitu kinakimbia. Mmoja alikuwa na mbio za mama yake na woga ambao sikujua umetoka wapi; mlango ukifungwa kwa nguvu alijikojolea. Wawili walikuwa wazuri, na mmoja kati ya hao alikuwa bora kuliko wazazi wote wawili. Waliobaki walikuwa hivihivi, si wa kazi na si wabaya.

Wale wawili wazuri kila mtu aliwataka. Yule mwembamba nilimpa mtu niliyedhani namjua. Miezi sita baadaye mkulima mmoja alinipigia simu, amekuta mbwa amefungwa kwa kamba ya nailoni kwenye nguzo ya ua wake, mbavu zinahesabika, wayo mmoja umechanika. Nilimtambua kwa doa jeupe kifuani. Nilikuwepo alipozaliwa, nilimfuta uso kwa taulo kwa sababu mama yake alikuwa na kazi na mwingine. Nilimrudisha nyumbani na aliishi nasi hadi alipokufa kwa uzee, lakini kuna siku bado naiona ile kamba.

Tusonge. Njia ya watu wanaojua kazi hii ni kuchukua yule chotara wa kwanza aliyethibitika, kisha kumrudisha kwa mbwa wa mbio safi, ili watoto wawe robo tatu za mbio na robo ya koli. Hapo mtawanyiko upo, lakini ni mdogo, kwa sababu upande mmoja wa kila kilebu ni greihaundi mzima na haubadiliki. Kinachochangwa ni ule upande wa chotara peke yake. Kwa mashamba makubwa yaliyo wazi, mbwa wa robo tatu ni mzuri. Zaidi ya hapo, ukirudisha tena kwa greihaundi, unabaki na sehemu moja ya nane ya koli, na kwa maoni yangu umejirudisha ulikotoka. Mbio ni rahisi kuzirudisha: greihaundi wapo wengi, tena waliostaafu viwanja wanatolewa kwa wanaowataka. Akili ya kusikiliza ikishapotea kwenye ukoo, hutairudisha kwa mpandisho mmoja.

Kwa shamba dogo lenye vichaka kuna damu ambayo nadhani inafaa kuliko zote: wipeti kwa teria wa Bedlington. Wote wawili ni mbwa wa watu wa kaskazini mwa Uingereza, wa wachimba makaa. Bedlington ni mji wa Northumberland. Wipeti ni mdogo, dume husimama kama sentimita 47 hadi 51 begani, na anafikia kasi yake kwa hatua chache, jambo ambalo greihaundi haliwezi. Teria analeta pua, manyoya ya kukunjakunja yanayokinga miiba, na moyo wa kuingia kichakani bila kuuliza. Anayekuja na nyumba ndogo ya mjini na idhini ya shamba moja la farasi, namwambia atafute huyo, asihangaike na mbwa wa sentimita 65.

Saluki najua mtaniuliza, hasa wenye jamaa Oman na Ghuba. Ndugu zangu, yule ni mbwa wa heshima. Waarabu wa jangwani wamemfuga pamoja na kipanga na ngamia, wakamlaza hemani. Kwa Waislamu mliopo, mnajua katika Suratul Maida, aya ya nne, Mwenyezi Mungu ametuhalalishia kinachokamatwa na wanyama tuliowafundisha kuwinda, kwa masharti yake. Wazee wetu wasasi walikuwa wakiisoma aya hiyo kwa watu waliowasema vibaya. Ufugaji wa saluki huku ulianzishwa mwaka 1895 na Florence Amherst, aliyewaleta kutoka Misri, na damu yao ikaingia kwa lacha kwa sababu moja: pumzi. Greihaundi anakwisha, saluki ndiyo kwanza anaanza. Nyayo zake pia ni ngumu, hazipasuki ardhi ikikauka. Lakini pumzi hiyo huku ilikuwa ya nini? Ya kumfuata kitungule kwenye tambarare hizi zetu. Kazi hiyo imeharamishwa. Anayekuja leo kukuuzia kilebu wa saluki na greihaundi katika eneo hili, akikuambia ni wa kazi zote, muulize ni kazi ipi. Kuna watu wanaingia mashamba ya watu usiku kwa magari, wanakanyaga ngano, wanatisha wakulima, wanachezea kamari mbwa hao, na mbwa akivunjika mguu anaachwa mtaroni. Vijana wetu wamewahi kuitwa kushika taa tu. Msiende. Mbwa wenyewe hawana kosa lolote.

Damu ya bulteria sitaikalisha kitini. Inaleta uzito na meno yasiyoachia, na sungura hahitaji hayo mawili.

Afya sasa, na hapa naomba mnisikilize hata mliochoka. Greihaundi na jamaa zake hawana mafuta mengi mwilini, na kuna dawa za usingizi za zamani za jamii ya thayopento ambazo kwao hukaa muda mrefu hatari. Mbwa wako akipelekwa kushonwa, mwambie daktari kwa kinywa chako: huyu ni chotara wa greihaundi. Usingoje aone. Upande wa koli kuna jeni inaitwa MDR1. Ikiwa na hitilafu, dawa kama ivamektini huingia kwenye ubongo na kuuharibu. Ivamektini mnaijua, ndiyo sindano ya minyoo na kupe ya ng'ombe kwetu, na nimewahi kumwona mtu akitaka kumpa mbwa wake ile ya mifugo kwa kukadiria. Koli wale wa manyoya marefu ya mapambo wanayo hitilafu hiyo kwa wingi; koli wa mpakani ni kwa nadra, lakini wapo. Kipimo ni kusugua kijiti shavuni kwa ndani na kukituma maabara. Na kwa Bedlington kuna ugonjwa wa kurithi unaojaza shaba kwenye ini. Jeni yake hujificha: chotara wa kwanza anaweza kuibeba na asiumwe kamwe. Ukimpandisha kwa chotara mwenzake anayeibeba, ndipo inapotokea.

Na kuna hii ya wipeti, ambayo kila mpenda mbio angepaswa kuisikia. Mwaka 2007 watafiti walieleza hitilafu katika jeni inayozuia misuli isikue kupita kiasi. Wipeti mwenye nakala moja ya hitilafu ana misuli zaidi na ni mshindi kwenye mashindano. Watu wakawapandisha washindi kwa washindi. Kilebu aliyepata nakala mbili anazaliwa na misuli imefura pande zote kama mbeba magunia, na hizo mbio zilizotafutwa hana.

Niwaonyeshe mbwa ninayemsema, maana maneno matupu hayawindi. Jike wangu wa sasa anaitwa Nyuki. Mama yake nusu koli nusu greihaundi, baba yake wipeti na Bedlington. Anasimama sentimita 56, rangi ya mchanga, ndevu chache kidevuni. Januari iliyopita tulikuwa kwenye tuta karibu na Spalding, theluji nyembamba imeganda, matundu 14. Nilimfuata akipita moja moja. Anaweka pua mdomoni mwa shimo, hapumui kwa nguvu, anahesabu kitu anachokijua yeye, anaondoka. Kwenye la tisa alisimama, akainua mguu wa mbele wa kulia, akainamisha kichwa upande, sikio moja chini. Mimi kwa macho yangu niliona utando wa buibui umevuka shimo lote, na ulikuwa na umande ulioganda juu yake, mzima. Nikasema hapa hakuna kitu, twende. Hakuondoka. Aligeuka akanitazama, akarudisha sikio palepale.

Nilitandaza nyavu, nikamwingiza fereti. Kimya. Kisha ukasikika ule mshindo wa chini ya ardhi unaoupata kwenye nyayo kabla ya masikio. Sungura wa kwanza akaingia wavuni upande wa pili. Wa pili alitoka kwenye tundu lililofunikwa na nyasi ambalo sikuliona kabisa, halikuwa na wavu. Nyuki alikuwa ameshahama. Aliondoka kabla sungura hajatoka, kwa kusikia anakoelekea chini, akapiga hatua nne, tano, akainama bila kusimama, akazunguka na kurudi kwangu akiwa ameinua kichwa juu. Alimweka mkononi mwangu, hai, hata unyoya haukutoka. Utando wa buibui ulikuwa bado upo palepale. Sungura walikuwa wameingia kwa mlango mwingine.

Mbio zake? Greihaundi wa kawaida angemwacha mbali kwenye uwanja. Sijawahi kurudi nyumbani nikiwaza hilo.

Nilimngoja hadi afikishe miaka mitatu na nusu ndipo nikampandisha, mara moja tu. Kilebu wa miezi minane anaweza kukudanganya, na mbwa wa mwaka mmoja pia. Nilitaka nimwone majira mawili mazima ya kazi: kama anabweka, kama anabana meno, kama akiumia anaendelea, kama anaweza kukaa na watoto wa mjukuu wa jirani jioni. Dume nilimfuata nikatembea naye shambani mara tatu kabla ya kukubali. Mwenye dume asiyetaka umwone mbwa wake akifanya kazi, shukuru chai yake uondoke.

Wanaotaka kuzalisha kwa fedha, mjue pia kwamba Uingereza kila kilebu lazima awekewe chipu ya utambulisho chini ya ngozi kabla ya wiki nane, na ukizalisha matumbo matatu au zaidi kwa mwaka unahitaji leseni ya halmashauri. Lakini hesabu iliyonifundisha mimi ni ile ya vilebu tisa. Kila tumbo lina mmoja au wawili ambao kila mtu atawagombania. Hesabu yako iwe ya wale wengine.

Binti wa Nyuki ana miaka mitatu sasa na ataingia joto karibu na Machi. Dume nimeshampata, wipeti safi wa kazi, mtulivu, nimemwona kwa fereti na kwa kurunzi. Nina kitabu kidogo nyumbani. Nimeandika nafasi nane, kwa kuwa mama yake alizaa wanane. Mzee mmoja wa Wisbech ana nafasi ya kwanza, na mke wake ameniuliza maswali mengi kuliko yeye, jambo lililonifurahisha. Dada mmoja wa Boston mwenye mabanda ya farasi ana ya pili. Mmoja atabaki kwangu. Tano hazina jina. Kijana aliyeniuliza kwanza kabisa, nakuona umekaa nyuma pale. Njoo Jumamosi alfajiri na viatu vya mpira, tutembee na Nyuki, kisha tuzungumze habari ya nafasi ya nne. Zisipojaa zote hadi Machi, nitamwambia mwenye dume tungoje joto lijalo.